Oili ya Beetle ya zamani: tazama vali na kamshafti kabla ya kutazama unene

Peleka Volkswagen Beetle ya mwaka 1970 kwa fundi, uulize iwekwe oili gani, na mara nyingi jibu litakuwa lile lile: injini ni kuukuu, ipe oili nzito. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini kwa injini hii ukifuatwa kijumla unaweza kuleta joto lile lile ambalo mwenye gari analikimbia. Njia nzuri ya kuchagua ni kuifuata oili ndani ya injini, tuone inapita wapi na inakutana na nini.

Injini ya Beetle hubeba lita 2.5 tu za oili. Haina radieta, feni hupuliza hewa juu ya silinda nne zilizolala ubavu, na sehemu ya joto hubebwa na oili. Haina filta pia. Chini ya injini kuna chujio la waya lililoshikwa na nati sita za spana namba 10, na kazi yake ni kunasa vipande vikubwa. Vumbi laini na masizi hupita.

Sasa tufike mahali ambapo uamuzi unafanyika. Pampu huzungushwa na kamshafti na kuisukuma oili mbele, na njiani kuna vali ya presha: pistoni ndogo iliyokaa juu ya springi. Asubuhi, oili ikiwa baridi na nzito, presha hupanda na kuisukuma pistoni hiyo chini. Njia inafunguka, na oili inakwenda moja kwa moja kwenye beringi, nyingine inarudi chini ya injini, bila kupitia kipoza oili. Wahandisi wa Volkswagen walikusudia hivyo, kwa kuwa presha ya oili baridi inaweza kupasua kipoza au sili zake. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, presha inashuka, springi inaiinua pistoni, na oili yote inalazimika kupita kwenye kipoza.

Kwa hiyo anayemimina oili nzito kuliko inavyohitajika anaichelewesha pistoni kupanda. Gari linatembea, injini inachemka, na kipoza hakijapata oili yake yote. Katika injini inayopozwa kwa maji kosa hilo lingefichika. Hapa halina pa kujificha.

Namba za kwenye chupa zinasomeka kwa urahisi ukijua zinapima nini. Katika 20W-50, ile yenye W inaeleza tabia ya oili kwenye baridi, na ya pili unene wake kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Daraja la 40 huanzia sentistoki 12.5 hadi chini ya 16.3, la 50 huanzia hapo hadi chini ya 21.9. Si tofauti ndogo. Kitabu cha mwenye gari cha enzi hizo kilipendekeza oili ya daraja moja, SAE 30, kwa hali ya hewa ya joto la kawaida. Ndiyo maana siamini kwamba injini nzima, iliyofungwa vizuri juzi, inahitaji 50 kwa sababu tu ni ya 1970.

Kinachoamua ni presha, na presha hupimwa. Fungua swichi ya taa ya oili, funga geji mahali pake, endesha gari mpaka injini ishike moto kweli, kisha soma. Kanuni ya mafundi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Ukiipata kwa 15W-40, hakuna faida ya kupanda juu. Ukiwa chini yake kwa sababu beringi zimelika, 20W-50 ina hoja, ingawa inasitiri tu uchakavu. Taa ya dashibodi isikudanganye: huwaka presha ikiwa imekwisha kuporomoka.

Mahali pia pana uzito. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai ni za baridi, kwa hiyo oili nzito huchelewa kufika kwenye vali za silinda. Mombasa haina tatizo hilo. Anayepandisha gari kutoka pwani hadi Nairobi anakutana na mengine: injini inabeba mzigo wa mlima, na hewa inayozidi kuwa nyepesi huondoa joto kidogo zaidi. Beetle ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, kwa hiyo barabara zetu haziiogopeshi, mradi oili yake ifanye kazi yake.

Lakini unene si habari yote. Nusu kubwa, kwa maoni yangu, iko kwenye kamshafti. Ya Beetle ina nundu nne tu, na kila nundu inasukuma tapeti mbili, moja kila upande wa injini. Uso wa tapeti ni bapa na huteleza juu ya nundu. Hakuna rola kama kwenye magari mengi ya siku hizi. Mguso huo ni mwembamba mno na mzigo wake mkubwa mno kiasi kwamba oili peke yake hukamuliwa nje. Kinachobaki kuokoa chuma ni kiungo cha zinki na fosforasi kiitwacho ZDDP, ambacho kwa joto na mgandamizo huacha utando mgumu juu ya chuma.

Fosforasi hiyo huharibu kataliti za magari mapya, ndiyo maana API, taasisi inayopanga madaraja ya oili, ilipoleta daraja la SM mwaka 2004 iliweka kikomo cha asilimia 0.08 kwa oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30. Oili hizo ni bora kwa gari jipya. Kwa tapeti bapa hazifai, hata ziwe za bei gani. Madaraja mazito hayakufungwa na kikomo hicho, na oili za dizeli za 15W-40 daraja la CI-4 kwa kawaida zina fosforasi ya kutosha.

Kwa Beetle nzima ya Nairobi ningetia 15W-40 ya madini ya CI-4, kutoka duka linalouza chupa zenye sili isiyoguswa, maana oili iliyotumika hurudishwa sokoni ndani ya chupa nzuri. Ningebadilisha kila kilomita 5,000, nikifungua chujio kila mara. Gari lisilotembea sana lingemwagwa oili mara moja kwa mwaka hata kama halijafika hapo, kwa kuwa unyevu na asidi hukaa humo gari likiwa limeegeshwa.