Ukisoma "Kundi O", Uliza Kwanza

Ripoti ya maabara kuhusu doa la damu huwa fupi, na mahakamani husomwa mstari mmoja tu: kundi A, B, AB au O. Mstari huo mimi huuacha mpaka mwisho, kwa sababu kazi nzuri na kazi mbovu zinaweza kutoa herufi ile ile. Ubora umo katika yaliyotangulia herufi, na hakimu, wakili au jamaa wa marehemu hapa Bujumbura anaweza kuusoma bila kuvaa koti jeupe, akijua pa kuangalia.

Anza na bahasha. Mji wetu uko bondeni kando ya Ziwa Tanganyika, kuna unyevu na joto la mwaka mzima. Nguo yenye damu mbichi ikifungwa ndani ya plastiki huanza kuoza kabla ya kesho yake. Mpelelezi anayeijua kazi huianika kivulini, akaifunga kwa karatasi, kila nguo peke yake, kisha akaandika tarehe, mahali na jina la kila aliyeishika. Ripoti isiyosema nguo ilifikaje imeanza vibaya, hata kama mashine za maabara ni mpya kabisa.

Kisha uliza kama doa ni damu kweli. Mawese yaliyokauka, kutu, tope jekundu la vilimani, vyote humdanganya mtu mwenye haraka. Kipimo cha Kastle-Meyer hugeuka rangi ya waridi penye damu, lakini viazi navyo vinaweza kukigeuza, kwa hiyo ni dalili, si ushahidi. Na damu ikithibitika, ni ya nani, mtu au mnyama? Aliyechinja mbuzi asubuhi ana haki ya kuwa na damu shatini. Paul Uhlenhuth wa Ujerumani alionyesha njia ya kutofautisha damu ya binadamu na ya wanyama tangu 1901, na tangu hapo hakuna udhuru wa kuiruka hatua hiyo.

Sasa kundi lenyewe. Karl Landsteiner aliyagundua makundi ya damu huko Vienna mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1915 Leone Lattes wa Italia akapata njia ya kuyasoma katika gamba la damu iliyokauka. Njia yake hutegemea kingamwili zilizobaki ndani ya gamba, nazo hazidumu: baada ya majuma au miezi huwa zimekwisha. Antijeni za A na B zilizoko juu ya chembe nyekundu ni sugu zaidi, huweza kukaa miaka. Mwaka 1960 Stuart Kind wa Uingereza aliutumia usugu huo kwa njia ambayo maabara nyingi zilikuja kuifuata.

Inafaa kuitazama kwa karibu. Mtaalamu huchomoa nyuzi chache za kitambaa, urefu wa milimita chache, akazigawa katika vishimo vya kigae. Kishimo kimoja hutiwa seramu yenye kingamwili dhidi ya A, kingine dhidi ya B, na nyuzi huachwa kwenye baridi ya nyuzijoto 4 usiku kucha. Kama damu ni ya kundi A, kingamwili dhidi ya A hujishika kwenye uzi. Asubuhi seramu iliyozidi huoshwa kwa maji baridi ya chumvi, tena na tena. Kisha kigae hupashwa moto kiasi cha nyuzijoto 56. Kingamwili zilizoshikwa huachia, zikaingia kwenye tone la maji. Hapo huongezwa chembe nyekundu mbichi za kundi linalojulikana na kigae huzungushwa polepole. Chini ya hadubini, zikikusanyika mabonge na maji yakabaki meupe kati yake, jibu ni ndiyo. Zikielea kama vumbi lililotawanyika sawasawa, jibu ni hapana. Mkono wa fundi huonekana kwenye kuosha. Akiosha kidogo, seramu iliyobaki itatengeneza mabonge hata kwenye uzi usio na damu. Akizidisha, ataondoa hata kile anachokitafuta.

Ndiyo maana ukurasa ninaoupenda kuliko wote ni ule wa sampuli za ulinganisho. Lazima ziwepo nyuzi zenye damu inayojulikana ya A, ya B na ya O, zilizopimwa siku ile ile kwa seramu zile zile. Lazima pia upimwe uzi msafi kutoka nguo ile ile, pembeni mwa doa. Watu kama 8 kati ya 10 hutoa antijeni zao kwenye jasho na mate, kwa hiyo kola ya shati iliyovaliwa siku nzima inaweza kujibu A bila tone la damu. Uzi msafi ukijibu, doa haliwezi kusomwa, na fundi mwaminifu huandika hivyo.

Kundi la kuogopa zaidi ni O. Damu ya O haina A wala B, kwa hiyo vishimo vyote viwili husema hapana. Lakini doa lililooza au lililofuliwa kwa sabuni kali nalo husema hapana kote. Kinachotenganisha hayo mawili ni kishimo cha tatu, cha antijeni H iliyo kwa wingi katika damu ya O, ambacho hutumia maji ya mbegu za kichaka cha Ulaya kiitwacho Ulex europaeus. H ikijibu kwa nguvu, sema O. Isipojibu, sema kipimo kimeshindwa. O ndilo kundi la watu wengi zaidi katika eneo letu, na kwa sababu hiyo O ya uongo hupita bila kushtua mtu yeyote. Mtu anaweza kufungwa maisha kwa kishimo ambacho hakikuwekwa.

AB nayo iulizwe. Ni kundi adimu kuliko yote manne, na nguo iliyoguswa na damu ya watu wawili, mmoja A na mwingine B, hujibu AB. Bakteria wa uozo pia huweza kuleta jibu linalofanana na B.

Tuseme yote yamefanywa ipasavyo. Herufi hiyo inathibitisha nini? Kutenga tu. Doa la B halikutoka kwa mtu wa kundi A, basi. Doa la O kwa mshtakiwa wa O linamweka kwenye umati mkubwa, na ripoti iandikayo "damu ya mshtakiwa" imevuka mpaka wake. Huko Leicestershire, Uingereza, makosa mawili ya mauaji ya wasichana, 1983 na 1986, yaliacha alama za kundi A na kimeng'enya kimoja, mchanganyiko unaopatikana kwa takribani mwanamume 1 kati ya 10. Kijana mmoja alikiri kosa la pili. Vinasaba, kwa njia ambayo Alec Jeffreys alikuwa ameigundua 1984, vilimwondolea hatia, na 1988 muuaji halisi, Colin Pitchfork, akahukumiwa.

Mtaalamu bora pia hujua lini asiulizwe. Waziri Mkuu wa Burundi, Louis Rwagasore, alipopigwa risasi 13 Oktoba 1961 katika mgahawa wa Hotel Tanganyika, mji huu ukiitwa Usumbura, hakuna aliyehitaji kujua damu ni ya nani. Jean Kageorgis, aliyefyatua, aliuawa kwa hukumu ya mahakama 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Swali zito lilikuwa nani alimtuma, na nyuzi za nguo hazilijibu.

Leo vinasaba vimechukua nafasi ya makundi katika maabara kubwa, na penye uwezo huo kupima kundi peke yake hakutoshi kumhukumu mtu. Lakini majalada ya zamani yangalipo. Ndugu wakili, ukikabidhiwa moja lenye herufi O, dai matokeo ya H na ya uzi msafi. Yasipoonekana, iombe mahakama isiitegemee ripoti hiyo.