Saini ya Machakos: Salva Kiir kabla ya Ikulu

Aliyetia saini Itifaki ya Machakos kwa niaba ya SPLM/A, waasi wa Kusini mwa Sudan, tarehe 20 Julai 2002, hakuwa balozi wa kusomea. Salva Kiir Mayardit alikuwa kamanda wa msituni, naibu wa John Garang. Miaka 9 baadaye alikula kiapo kuongoza nchi iliyotokana na kifungu kimoja cha karatasi ile. Na kwa kuwa Sudan Kusini haina waziri mkuu, serikali nayo iko mikononi mwake.

Kifungu chenyewe tukisome polepole. Baada ya kipindi cha mpito cha miaka 6, watu wa Kusini watapiga kura ama kuthibitisha umoja, ama kujitenga. Hilo "kuthibitisha" lina uzito wake. Ukiwa Khartoum, unaona umoja upo tayari, kura ni muhuri tu. Ukiwa msituni, macho yanaenda moja kwa moja kwenye nusu ya pili. Ghazi Salahuddin Atabani akaisainia serikali, Kiir akausainia upande wake, na kila mmoja akaondoka na chake.

Mpatanishi alikuwa Lazaro Sumbeiywo, jenerali wa Kenya, kwa mwavuli wa IGAD, jumuiya ya nchi za kanda hiyo. (Mwanajeshi akiwasuluhisha wanajeshi, pengine ilisaidia.) Tangu 18 Juni, mafuta na vyeo viliwekwa kando. Yakashughulikiwa mawili yaliyokuwa yamekwamisha kila kikao: dini na dola, na haki ya Kusini kujiamulia. Moja moja hayakuwa na dawa, kwa hiyo yakafungwa pamoja: Sharia ibaki Kaskazini, Kusini ipate kura yake. Kwa maoni yangu Khartoum ndiyo iliyotoa zaidi, ikitegemea miaka 6 ya kuupamba umoja.

Kasoro ilijitokeza upesi. Bunduki hazikuwa zimenyamazishwa. SPLA, jeshi la waasi hao, ilipouteka mji wa Torit mwanzoni mwa Septemba, serikali ikasusia mazungumzo hadi makubaliano ya kusitisha mapigano ya Oktoba. Kazi iliyobaki ikamalizikia Naivasha, na mkataba kamili ukasainiwa Nairobi tarehe 9 Januari 2005.

Garang, aliyehubiri Sudan mpya ya wote, alikufa kwa ajali ya helikopta tarehe 30 Julai mwaka huohuo, wiki tatu tu baada ya kuapishwa. Kiir akashika nafasi yake, akaingoja kalenda ya Machakos. Januari 2011 asilimia 98.83 ya wapiga kura walichagua nusu ya pili ya sentensi.