Sifa za Shaka

Petroli ya ndege ndogo ni ya buluu, na rangi hiyo haikutiwa kwa urembo. Ilitiwa ili mtu aliyeinama chini ya bawa alfajiri, usingizi haujamtoka vizuri, aweze kuuliza swali moja na kulijibu kwa macho: hiki nilichokinga ni petroli kweli? Chini ya kila bawa la Cessna 172 pana kikoki kidogo cha springi. Unakisukuma kwa kichupa cha plastiki chenye ncha katikati, mafuta yanachuruzika kiasi cha vidole viwili, kisha unakiinua kichupa kwenye mwanga. Maji yakiwamo yatatuama chini, kitone kisicho na rangi, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli. Kichupa kizima kikikosa rangi, pana mawili: umekinga maji matupu, au mtu amekumiminia mafuta ya ndege za jeti, ambayo injini hii haiyawezi.

Maji hayo huingia bila mkono wa mtu. Tangi likiachwa nusu usiku wa baridi, Nanyuki au hapa Nairobi, hewa iliyo juu ya mafuta hupoa na unyevu wake ukageuka matone. Mpira wa kifuniko ukichakaa, mvua za masika nazo hujipenyeza. Jana jioni ndege ilikuwa nzima. Leo asubuhi si ile ya jana.

Ndiyo maana nikitaka kuisifu kazi ya kumiliki ndege ndogo, kuitunza na kuirusha, sianzi na mawingu wala ushujaa. Ushujaa umeshasifiwa vya kutosha, na wengi waliousifu hawajawahi kulala chali sakafuni mwa hanga wakitazama tumbo la ndege lilivyotapakaa oili. Ninachotaka kukisifu ni shaka, tena shaka ya mikono, yenye tochi na kitambaa. Watu huichanganya na woga. Mwoga hataki kujua. Mwenye shaka hutia kidole tunduni.

Na matundu ni mengi. Chini ya bawa la kushoto umechomoza mrija mwembamba unaopokea upepo na kuupeleka kwenye saa ya mwendo. Nyigu wa udongo wanaupenda mno. Ndege ikiegeshwa siku chache bila kufunikwa mrija huo kwa kile kifuko chekundu, nyigu atakuwa ameshajenga humo na kuhamia, na rubani atakimbiza ndege kwenye njia ya kurukia huku mshale wa mwendo umelala sifuri. Tundu jingine ni la kupumulia tangi. Petroli haishuki kwenda injini kama hewa haiingii kuchukua nafasi yake, kwa hiyo tangi laweza kuwa limejaa na injini ikafa njaa.

Jambo hilo lilimpata mmoja wa marubani mashuhuri waliowahi kutoka Nairobi. Beryl Markham alifundishwa urubani hapa na Tom Campbell Black, yuleyule aliyeshirikiana na Florence Kerr Wilson mwaka 1929 kuanzisha kampuni ya Wilson Airways, na ambaye bila bibi huyo mwenye fedha pengine angebaki na ndoto zake. Septemba 1936 Markham aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, akaelekea magharibi kuvuka Atlantiki usiku, upepo ukimpiga usoni njia nzima. Baada ya takriban saa 20 injini ilianza kukohoa, akaishusha ndege kwenye bwawa la matope katika kisiwa cha Cape Breton, Kanada, pua ikazama, naye akatoka na jeraha la kichwa. Petroli ilikuwapo. Barafu ilikuwa imeziba matundu ya kupumulia tangi. Dunia ikamshangilia kwa kuvuka bahari, na ilikuwa haki yake. Mimi kila nikipita chini ya bawa nakumbuka lile tundu.

Uwanja wa ndege wa Wilson, hapa Nairobi, ulipewa jina la Bi. Florence Wilson mwaka 1962, na hadi leo ndio mji wa ndege ndogo katika Afrika Mashariki. Pale ndipo madaktari warukao wa AMREF, shirika lililoanzishwa 1957, wanapoondokea. Pale pia zimo ndege zenye umri mkubwa kuliko marubani wake. Cessna 172 iliruka mara ya kwanza mwaka 1955 na zimeundwa zaidi ya 44,000. Nyingi za miaka ya sabini bado zinafanya kazi, ilhali gari la miaka hiyo utalikuta limegeuka banda la kuku. Siri yake ni kwamba katika ndege kitu hakingoji kuharibika ndipo kibadilishwe. Kimepangiwa saa zake. Injini ya Lycoming ya ndege hii hupewa takriban saa 2,000 za kazi, kisha hufumuliwa hadi bolti ya mwisho, hata kama bado inanguruma vizuri. Kila saa imeandikwa katika daftari, na daftari hufuata ndege kutoka mwenye hadi mwenye. Ndege isiyo na daftari ni vyuma tu. Hakuna atakayeinunua kwa bei ya maana.

Wenye jahazi wa pwani wangeuelewa utaratibu huu mara moja. Chombo hukalafatiwa kabla ya msimu, si baada ya maji kujaa ngamani.

Sasa nimfikie fundi, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Wetu ni mzee wa makamo, ovaroli yake imefuliwa hadi imepoteza rangi, na hapendi kuzungumza akiwa ameshika spana. Kila oili inapobadilishwa, filta ya zamani haitupwi. Anaikata kwa mkasi wa duara, anatoa karatasi yake iliyokunjwakunjwa, anaikunjua juani na kuipitisha kidole, sentimita kwa sentimita. Akiona chembe inayong'aa anaisogezea sumaku. Ikirukia sumaku ni chuma, na chuma ndani ya oili maana yake kuna kitu kinasaga kitu. Isiporuka, huenda ni alumini, na hapo mazungumzo ni mengine, na ya gharama nyingine.

Kisha anapima silinda, zote nne, moja baada ya nyingine. Anaingiza hewa kwa nguvu ya paundi 80, na saa ya pili inamwonyesha kiasi kilichobaki ndani: 76, 77, 75. Tarakimu ikishuka sana hasemi neno. Anainama na kusikiliza hewa inatorokea wapi. Ikifoka kwenye bomba la moshi, valvu ya kutolea moshi haifungi. Ikifoka pale panapotiwa oili, ringi za pistoni zimechoka. Ikipigia mluzi kwenye kabureta, ni valvu ya kuingizia. Siku moja nilimwuliza, "Mzee, umesikia nini?" Akanionyesha bomba la moshi kwa kidevu. "Lete sikio lako, kijana. Ndege ni yako."

Halafu kuna waya wa kufungia bolti, kitu ambacho naweza kukitazama hadi chai ikapoa. Vichwa vya bolti vimetobolewa, waya mwembamba wa chuma cha pua hupitishwa kutoka kichwa hiki hadi kile, umesokotwa nyuzi mbili pamoja, na lazima uvute upande wa kukaza. Injini ikitikisika na bolti ikitaka kulegea, itajikuta inajikaza dhidi ya mwenzake. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wanasema vyombo vya baharini, lakini hata huku juu neno lao limetimia.

Gharama? Sitadanganya, ni kubwa, na ndiyo sababu sisi ni washirika kadhaa katika ndege moja. Cha ajabu ni kwamba ndege inayokaa hukugharimu zaidi ya inayoruka. Katika injini hizi za Lycoming kemshafti iko juu. Injini ikilala majuma mengi oili yote huteremka chini, chuma kinabaki kitupu, na kutu ya Malindi au Mombasa haina haya. Nimeona ndege nzuri za matajiri wasio na nafasi zikioza chini ya turubai zuri.

Rubani naye ana shaka zake. Mwisho wa njia ya kurukia, kabla ya kuomba ruhusa ya mnara, anaipandisha injini hadi mizunguko 1,700 kwa dakika na kujaribu mageneto zote mbili, mitambo inayozalisha cheche. Kila silinda ina plagi mbili, na kila seti ya plagi inalishwa na mageneto yake, isiyotegemea betri hata kidogo. Ukizima moja, mizunguko hushuka kidogo; ikishuka zaidi ya 125, unarudi hanga. Hapo kila mtu anaelewa. Lakini isiposhuka kabisa, mgeni hufurahi na fundi hukunja uso. Kutoshuka maana yake mageneto uliyodhani umeizima haikuzimika, waya wake wa kuizima umekatika, na baadaye mtu akiisukuma rafadha kwa mkono tu, injini yaweza kuwaka na kumkata.

Linalofuata ni uzito, na hili kwetu lina aibu yake. Wilson iko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 25 hewa yake ni nyepesi kana kwamba uwanja uko futi 8,000, na injini isiyo na turbo imeshapoteza kama robo ya nguvu zake kabla haijaondoka. Ndege inakimbia chini umbali mrefu zaidi kuliko inavyokimbia pwani, kisha inapanda kwa kusuasua. Rubani aliyetoka Malindi akisahau kuvuta nje kile kitufe chekundu cha mchanganyiko wa petroli na hewa, injini inakabwa na petroli na plagi zinapakwa masizi. Viti vinne basi si watu wanne. Lakini utamwulizaje mama mkwe kilo zake? Dawa tuliyoipata ni kuweka mizani mlangoni mwa hanga, na kila mtu apande na begi lake mkononi. Jumla ndiyo inayoandikwa. Heshima inabaki, na ndege inaruka.

Na ikiruka, haki yake isemwe: ni raha isiyo na mfano. Alfajiri, kabla jua halijachemsha Bonde la Ufa, unavuka vilima vya Ngong na ardhi inaporomoka ghafla chini yako. Baadaye Ziwa Magadi linajitokeza, waridi na jeupe. Kurudi ndiko kwenye kazi. Upepo wa mashariki hupanda Ngong kwa upole upande wa Nairobi, kisha humwagika kwa nguvu upande wa bonde, na wewe sasa unaujia kwa chini yake. Kwa hiyo unatafuta kimo mapema, na mgongo wa vilima unauendea kwa mshazari, ili hewa ikikubwaga uwe na mahali pa kugeukia.

Shaka haizuii kila kitu. Tarehe 10 Januari 1959 Michael Grzimek, kijana wa miaka 24 aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake, aligongana na tumbusi angani, na ndege yake yenye milia ya pundamilia ikaanguka. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Hakuna kichupa kinachompima tumbusi. Unachoweza ni kumtafuta kwa macho, na ukimwona anazunguka bila kupiga bawa, kujua kwamba hewa ya pale inapanda na itakurusharusha.

Jioni ndege hufungwa kwa kamba, matangi yakajazwa, kifuko chekundu kikarudi mahali pake. Ukilala Maasai Mara, unazungushia matairi matawi ya miiba, maana fisi hutafuna mpira. Mwisho nakaa kitini na kalamu. Saa zilizorukwa. Oili imeshuka kidogo kuliko kawaida. Redio ya pili inakwaruza. Mwenzetu wa zamu ya Jumamosi atayasoma yote hayo, kisha, namjua, atachomoa kijiti cha oili na kupima upya mwenyewe. Akikuta kipimo changu hakilingani na chake, simu yangu italia kabla ya saa moja asubuhi.