Forest Whitaker alivyomjenga Idi Amin

Ng'ombe amegongwa barabarani na analia kwa maumivu. Rais wa Uganda ameumia mkono, na daktari kijana kutoka Scotland anauhudumia huku kelele za yule mnyama zikimkosesha utulivu. Mwishowe daktari anachukua bastola ya Rais mwenyewe na kummaliza ng'ombe. Walinzi wanashtuka, bunduki zinainuka, na kamera inakwenda kwenye uso wa Forest Whitaker. Uso umeganda. Rais anamdhania daktari kuwa Mwingereza; anaposikia kwamba ni Mskoti, uso ule ule unafunguka wote kwa mara moja, na muda mfupi baadaye Rais anavua shati lake la kijeshi ili wabadilishane na fulana ya Scotland aliyovaa daktari.

Tukio hilo la filamu ya *The Last King of Scotland* (2006) linastahili kutazamwa mara kadhaa, kwa sababu kazi yote ya Whitaker imo humo. Waigizaji wengi wangeweka ngazi kati ya ghadhabu na furaha: kwanza mshangao, kisha tabasamu dogo, kisha kicheko. Whitaker ameziondoa ngazi. Hali moja inakatika na nyingine inaanza, na mtazamaji anabaki hajui ni nini kilichoamua. Tangu dakika hiyo, kila Amin anapocheka tunasubiri kicheko kikatike. Hofu ya filamu nzima imejengwa kwa kitu hicho kimoja, bila damu ya mtu kumwagika bado.

Ufundi wa namna hii haukuzaliwa Kampala. Whitaker alizaliwa Longview, Texas, mwaka 1961, akakulia Los Angeles. Aliingia chuo cha Cal Poly Pomona kwa udhamini wa kucheza mpira wa Kimarekani, mgongo ukaumia, mpira ukaishia hapo. Akageukia uimbaji, akasoma katika Chuo Kikuu cha Southern California akiwa mwimbaji wa sauti ya tenori, kisha akahamia uigizaji. Mwili wa mwanamichezo mzito na pumzi ya mwimbaji wa opera ndivyo vifaa alivyoingia navyo kwenye sinema, na ukivifuatilia utaona havijamwacha.

Mwaka 1986 Martin Scorsese alimpa nafasi fupi mno katika *The Color of Money*. Anacheza kijana Amos, anayeingia kwenye ukumbi wa pool akiwa mnene, mpole, mwenye maneno yasiyo na mpangilio, na kumla pesa bingwa mzee anayechezwa na Paul Newman. Akishashinda, anamuuliza mzee huyo kama anadhani anahitaji kupunguza mwili. Swali linaulizwa kwa unyofu kamili. Hadi leo huwezi kusema kama Amos ni mjinga mwenye bahati au ni tapeli hodari kuliko wote chumbani, na Whitaker hakuonyesha alama hata moja ya kutusaidia kuamua. Mimi naliona tukio hilo kuwa mbegu ya Amin: mtu anayeutumia wepesi wake kama kifuniko, na kifuniko hakiinuliwi kamwe mbele ya kamera.

Miaka miwili baadaye ikaja *Bird*, ambamo Clint Eastwood alimpa nafasi ya mpiga saksofoni Charlie Parker. Sauti ya saksofoni tunayoisikia mle ni ya Parker mwenyewe: ilichujwa kutoka rekodi za zamani, na wanamuziki wengine wakapiga upya ala zilizobaki. Maana yake ni kwamba vidole, mashavu na pumzi za Whitaker vilipaswa kufuata noti za mtu aliyekufa mwaka 1955, kwa kasi ambayo wapiga saksofoni wenyewe huiogopa. Alijifunza ala hiyo hadi mkono ukaamini. Cannes ilimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume mwaka 1988. Jambo alilolibeba kutoka hapo, naamini, ni mazoea ya kumwingia mtu halisi kupitia kazi ya mikono na mapafu kwanza, kisha kuacha hisia zifuate.

Ndiyo maana maandalizi yake ya Amin yalianza mwilini. Aliongeza uzito. Alijifunza kupiga akodioni, ala ile ile inayosikika kwenye vikundi vya taarab, kwa kuwa Amin aliipiga. Aliitazama kwa makini filamu ya Barbet Schroeder ya mwaka 1974, ambamo Amin halisi anajieleza mbele ya kamera kwa muda mrefu. Alipofika Uganda aliwatafuta ndugu wa Amin na watu waliowahi kufanya kazi chini yake, majenerali na mawaziri. Na alijifunza Kiswahili.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana sikio ambalo wahakiki wa New York hawakuwa nalo. Amin aliingia King's African Rifles mwaka 1946, na katika jeshi hilo amri, matusi na mizaha ya kambini vilikuwa kwa Kiswahili, kile cha kijeshi kilichopata kuitwa KiKAR. Mwaka 1973, akiwa Rais, alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Kwa hiyo Kiingereza cha Amin kilikuwa cha mtu aliyekijia kupitia lugha zenye irabu wazi na silabi zenye uzito unaokaribiana. Kiswahili anachosema Whitaker kwenye filamu ni kidogo, na si hicho hasa kilichomfaa. Kilichomfaa ni kwamba kinywa chake kilifundishwa kukaa mahali pengine kabla ya kurudi kwenye Kiingereza. Msikilize anapohutubia wanakijiji mwanzoni: sentensi fupi, kila moja inatua kabla ya nyingine kuondoka, na sauti inatoka chini ya kifua bila kulazimishwa. Mwimbaji ndiye anayejua kufanya hivyo. Wamarekani wengi waliocheza Waafrika wameongeza lafudhi juu ya Kiingereza chao kama koti; yake imetoka kwenye pumzi, ndiyo maana hailegei anapokasirika wala anaponong'ona.

Alikuwa na watangulizi. Yaphet Kotto alimcheza Amin katika *Raid on Entebbe*, filamu ya televisheni iliyotoka miezi michache tu baada ya makomandoo wa Israeli kuvamia uwanja wa Entebbe Julai 1976. Lakini Amin aliyekaa vichwani mwa watu wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi alikuwa wa Mkenya Joseph Olita, katika *Rise and Fall of Idi Amin* ya Sharad Patel, ya mwaka 1981. Olita alifanana na Amin kwa umbo na sura kuliko Whitaker alivyowahi kufanana naye, na alikuwa na nguvu ya kutisha kila alipoingia. Tatizo halikuwa lake. Filamu ile ilirundika ukatili juu ya ukatili, hadi kichwa cha mtu kwenye friji, na ikamfanya Amin jini tangu picha ya kwanza. Jini unaliogopa lakini hulielewi, na zaidi ya hayo huelewi ni kwa nini watu walijaa barabarani Kampala kulishangilia lilipotwaa madaraka Januari 1971. Whitaker alilichukua swali hilo hilo la furaha ya 1971. Ili kulijibu ilibidi amfanye Amin apendeke, na apendeke kweli kweli, hadi mtazamaji ajikute anacheka naye.

Hilo lilihitaji ujasiri. Kuna familia Uganda ambazo hazikurudishiwa maiti za wazazi wao. Kuna watu wa Kagera, Tanzania, waliokimbia nyumba zao mwaka 1978 jeshi la Amin lilipovuka mpaka. Mtu wa aina hiyo ana haki ya kuuliza kwa nini muuaji apewe mvuto. Jibu langu ni kwamba mvuto huo ulikuwepo na ulifanya kazi, ulimsaidia kuua. Filamu inayouficha inatuacha tuamini kwamba dikteta hutambulika kwa sura.

Sasa tazama mtego ambao mswada wa filamu ulimwekea. Hadithi, iliyotokana na riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998, inafuata macho ya daktari Nicholas Garrigan, mhusika wa kubuni anayechezwa na James McAvoy. Garrigan yuko karibu kila mahali. Amin tunamwona pale tu daktari anapomwona. Kwa maneno mengine, Whitaker hakupewa tukio la kuwa peke yake, kukaa kitandani usiku akiwaza, ambalo waigizaji hulitegemea kutuonyesha moyo wa mhusika. Amin wake yuko mbele ya watu daima, kwa hiyo yuko jukwaani daima. Whitaker aliugeuza upungufu huo kuwa tabia: huyu ni mtu ambaye hata faraghani anatafuta hadhira.

Mlango wa ndani unafunguka kidogo usiku ule Garrigan anapoitwa ikulu haraka. Rais amelala anatokwa jasho, anaamini amelishwa sumu. Daktari anagundua ni gesi tumboni, anamgeuza, anamkandamiza tumbo, gesi inatoka. Kwenye karatasi ni kichekesho. Whitaker anakicheza akiwa na hofu ya mtoto. Macho yanahangaika, mwili mkubwa umekosa mahali pa kujificha. Baada ya nafuu anacheka na kumkumbatia daktari, na katika kumbatio hilo tunaelewa kwamba yeyote aliyemwona Rais katika hali hiyo ama atakuwa mwandani wake au atakuwa hatarini. Mswada haukulisema hilo. Limesemwa na mabega yake.

Tukio jingine ninalolirudia ni la baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 na uchumi kuanza kuzama. Amin anamlaumu Garrigan kwamba hakumwambia asiwafukuze. Garrigan anakumbusha kuwa alimwambia. Amin anajibu kwamba ndiyo, alimwambia, lakini hakumshawishi. Mwigizaji mvivu angelitoa jibu hilo kwa dhihaka na ukumbi mzima ungecheka. Whitaker analitoa akiwa ameumia, kama aliyesalitiwa na rafiki, na anaamini anachosema. Hapo ndipo uwendawazimu wa madaraka unapoonekana wazi: kosa limetafutiwa mwenyewe, na mwenyewe si yeye.

Hakuyafanya haya peke yake. Mwongozaji Kevin Macdonald alitokea kwenye filamu za hali halisi, na mpiga picha Anthony Dod Mantle anaiacha kamera itembee na kutikisika, isogee karibu mno na uso, ili ule mgando usioelezeka ujaze skrini. Jicho la kushoto la Whitaker, ambalo kope yake imelegea tangu zamani, linafanya kazi kubwa katika picha hizo za karibu: upande mmoja wa uso unaonekana kusinzia huku mwingine ukikesha. Kupiga picha Uganda kwenyewe kuliweka uzito. Waigizaji kama Stephen Rwangyezi, mwanzilishi wa kikundi cha Ndere, na Abby Mukiibi walisimama karibu naye, na umati uliomshangilia ulikuwa na watu walioishi zama zenyewe au waliolelewa na walioziishi. Mwigizaji anayehutubia umati wa namna hiyo hawezi kudanganya lafudhi.

Filamu ina madhaifu, na sitaki yafunikwe na sifa za mwigizaji. Waganda wengi mle ni kivuli cha hadithi ya Mzungu mmoja asiyekuwepo. Kifo cha Kay, mke wa Amin, aliyefariki kweli mwaka 1974, kimefungwa na mapenzi ya kubuni kati yake na daktari, na katika sehemu hiyo mswada unamrudisha Amin kwenye ujini ule ule wa filamu ya 1981. Angalia Whitaker katika theluthi ya mwisho: ana nafasi finyu zaidi, anapaza sauti zaidi, na ile sekunde ya kutojua inapotea kwa sababu tayari tunajua. Kosa ni la waandishi kuliko lake.

Filamu ilioneshwa Kampala Februari 2007, na kabla ya mwezi kwisha Whitaker alikuwa na Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, mtu mweusi wa nne kuipata, baada ya Sidney Poitier, Denzel Washington na Jamie Foxx. Uganda hakuiacha. Shirika lake la amani na maendeleo, aliloanzisha mwaka 2012, linafanya kazi na vijana huko na Sudan Kusini.

Kipimo kizuri cha kilichofanikiwa mwaka 2006 ni kazi aliyoifanya baadaye kwa njia inayofanana. Katika *The Forgiven* (2017) ya Roland Joffé, alimcheza Askofu Desmond Tutu, Mwafrika mwingine aliyejulikana dunia nzima kwa kicheko chake. Lafudhi ameifanyia kazi, mavazi na mwendo viko sawa. Lakini alibandikwa pua ya bandia, na uso ambao ungeganda au kufunguka kwa hiari yake ukapata kitu kigumu katikati yake. Macho ya mtazamaji yanakwenda kwenye pua. Kicheko cha Tutu kinatoka, kinasikika vizuri, na hakitoki mbali kuliko mdomoni. Kwa Amin hakubandikwa uso wa mtu mwingine, ingawa hawakufanana, na ndiyo maana hadi mwisho, filamu inapotuonyesha picha za Amin halisi, jicho linachukua muda kuona kwamba mtu amebadilika.