Gesi, Riahi na Kuvimbiwa: Uhakiki wa Lugha ya Karatasi za Dawa za Tumbo

Dawa inayouzwa bila cheti cha daktari haina msemaji mwingine ila karatasi iliyomo katika kisanduku chake. Mgonjwa aliyetibiwa hospitalini huelezwa na mganga, kisha na muuguzi, kisha na mgawa dawa. Asiposikia kwa huyu atasikia kwa yule. Anayenunua vidonge vya tumbo dukani hana mlolongo huo. Ana muuzaji, ambaye pengine ana wateja sita wanaomngoja, na ana karatasi. Kwa hiyo mfasiri wa karatasi hiyo amebeba mzigo mkubwa kuliko udogo wa herufi zake unavyoonyesha, na kazi yake yapasa kuhakikiwa kama tunavyohakiki tafsiri ya sheria au ya kitabu cha shule.

Makala haya yanahakiki lugha ya karatasi tatu za dawa za kutuliza gesi na kujaa kwa tumbo. Tulizipata mwezi wa Juni katika duka moja la dawa huko Kinampanda, wilayani Iramba, mkoani Singida, tulipokwenda kuzungumza na walimu juu ya istilahi za sayansi. Moja ni ya vidonge vya magnesiamu trisilikati, ambavyo wanunuzi huviita magnesiamu tu. Ya pili ni ya unga wa chumvichumvi unaotoa povu ukitiwa majini. Ya tatu ni ya vidonge vyenye simethikoni. Majina ya watengenezaji hatuyataji, kwa kuwa makosa tutakayoyaonyesha si ya mtengenezaji mmoja.

Tuanze na jina la jumla la dawa hizi. Karatasi ya tatu inaziita "dawa za juu ya kaunta". Hii ni tafsiri ya neno kwa neno, na msomaji asiyejua Kiingereza ataielewa kuwa ni dawa zilizowekwa juu ya meza ya duka, hali duka lenyewe huenda halina meza ila dirisha lenye nondo. Watu wana jina lao. Chini ya Sheria ya Dawa na Sumu ya mwaka 1978 kulikuwa na maduka yaliyojulikana nchini kote kwa jina la maduka ya dawa baridi, na ingawa maduka ya dawa muhimu, yaliyoanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, yameshika nafasi yao, mnunuzi wa Kinampanda bado husema "nakwenda dawa baridi". Ubaridi hapa si wa barafu. Ni kinyume cha ukali. Mfasiri anayetaka usahihi zaidi aandike "dawa zisizohitaji cheti cha daktari". Maneno ni matano, lakini hayamchanganyi mtu.

Jambo zito zaidi tulilishuhudia kwa macho. Tungali dukani, alifika mama mmoja wa makamo, akamwambia muuzaji: "Mwanangu, tumbo limevimba, nipe ile ya gesi." Kijana akanyoosha mkono rafuni. Mwalimu tuliyefuatana naye, aliyekuwa akimfahamu, akamwamkia, "Shikamoo mama," na baada ya marahaba akamwuliza: "Hilo tumbo linajaa ukishakula kisha linashuka, au limevimba halishuki?" Mama akajibu: "Halishuki, mwalimu. Tangu palizi halijashuka." Muuzaji akaurudisha mkono. Akamwambia, kwa adabu, kwamba hiyo si ya dukani, aende Kiomboi hospitalini akapimwe.

Swali la mwalimu lilikuwa swali la istilahi, ingawa yeye hakuliona hivyo. Kujaa kwa tumbo ni hali ya kupita: hewa hukusanyika, tumbo hukaza, baada ya saa chache hulegea. Kuvimba ni neno pana. Mguu huvimba, jipu huvimba, na tumbo huweza kuvimba kwa maji yaliyokusanyika, kwa ini au bandama iliyokua, kwa kichocho cha miaka mingi, hata kwa uvimbe wenyewe. Hakuna kidonge cha gesi kinachogusa mojawapo ya hayo. Sasa tazama karatasi ya kwanza inavyosema: "Dawa hii huponya kuvimba kwa tumbo." Mama yule angalipewa karatasi hiyo akasomewa, angaliona kwamba dawa aliyoomba ndiyo yake hasa, na angaliitumia hadi mavuno ya mwaka wa pili.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno katika jambo hili. Aliyekula kupita kiasi amevimbiwa. Anayeungua kifuani na kooni ana kiungulia. Anayehisi matumbo yakijikunja na kuachia ana msokoto. Hewa inayotoka kinywani ni mbweu. Inayotoka kwa njia ya chini ni ushuzi au, kwa wanaochagua neno la heshima, riahi, ambalo asili yake ya Kiarabu ni upepo. Kila moja ya hali hizi ina sababu yake, na baadhi zina dawa yake: magnesiamu trisilikati hupunguza ukali wa asidi, kwa hiyo humfaa mwenye kiungulia kuliko mwenye msokoto. Karatasi ya tatu imetumia neno "gesi" mara kumi na moja na haikutumia hata moja ya maneno hayo.

Hatusemi kwamba gesi lifukuzwe. Ni neno lililokwisha kupata uraia, na hata huko lilikotoka ni la kubuniwa: tabibu Jan Baptist van Helmont alilitunga katika karne ya 17 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya vurugu. Lakini kwa msomaji wa leo gesi ni ya mtungi wa kupikia kwanza. Tena neno hilo limeanza kuwa jina la ugonjwa. Mtu husema "nina gesi" kama asemavyo "nina malaria", na mwenye kidonda cha tumbo, mwenye mawe ya nyongo na aliyekula kunde nyingi jana usiku wote husimama katika mstari mmoja chini ya neno moja.

Tukitaja kunde tumegusa kosa la karatasi ya tatu ambalo linatuudhi kuliko mengine. Inasema kwamba gesi "huzalishwa na vijidudu vya maradhi tumboni". Ukweli ni kwamba hewa ya tumboni hutoka njia mbili kubwa. Nyingine humezwa pamoja na chakula na mate, hasa kwa mtu anayekula haraka. Nyingine hutokea katika utumbo mpana, ambako bakteria wa kawaida, walioko kwa kila mtu mzima wa afya, huchachusha mabaki ambayo utumbo mwembamba haukuweza kuyasaga. Kunde, maharage na njugu mawe zina sukari za jamii ya rafinosi ambazo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Bakteria wanacho, na katika kuzila hutoa haidrojeni, kabonidioksidi na, kwa baadhi ya watu, methani. Maziwa huleta jambo hilohilo kwa mtu mzima ambaye mwili wake umepunguza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa. Hapana maradhi hapo. Mfasiri alipolikuta neno la bakteria akaandika "vijidudu vya maradhi", alimtia msomaji hofu isiyo na sababu na, lililo baya zaidi, alimfungulia mlango wa kwenda kuomba viuavijasumu kwa ajili ya sahani ya kunde.

Tuje kwenye vitenzi. Karatasi hizi tatu zina vitenzi vitatu wanavyovipenda: huponya, huondoa na huua. Simethikoni haiui gesi. Gesi haina uhai. Kazi yake ni kulegeza ngozi ya mapovu madogo yaliyonaswa katika ute wa tumbo ili yaungane yawe makubwa na kutoka kwa urahisi. Yenyewe haiingii katika damu. Hutoka kama ilivyoingia. Sentensi moja ingetosha: "Huunganisha mapovu ya hewa ili yatoke upesi." Na unga wa povu unaodai "kuondoa gesi yote" unafanya kinyume kabla ya kufanya kitu kingine. Chumvi yake ya bikabonati ikikutana na asidi hutengeneza kabonidioksidi, na ule mbweu mkubwa unaomfurahisha mnywaji ni sehemu kubwa ya hewa ya dawa yenyewe. Nafuu ni ya kweli, kwa sababu asidi imepungua. Maelezo ndiyo ya uongo. Bibi aliyetia magadi kidogo katika maji kwa ajili ya kiungulia alikuwa katika kemia iyo hiyo, naye hakudai kuondoa yote.

Nafuu: hili ndilo neno lililokosekana. Dawa hizi hutuliza, hupunguza, huleta nafuu. Haziponyi. Tofauti hii si ya mapambo, kwa maana aliyeahidiwa kupona ataendelea kutumia hadi apone, na aliyeahidiwa nafuu akiikosa kwa siku chache atauliza kuna nini. Baada ya kuandika "hutuliza" mfasiri anaweza kuandika kwa herufi nene mambo ya kumpeleka mtu hospitalini: choo cheusi kama lami, damu katika matapishi, kukonda bila sababu, kushindwa kumeza, tumbo lililovimba lisiloshuka. Katika karatasi ya pili mambo hayo yamefasiriwa yote kwa maneno "dalili zikiendelea mwone daktari". Dalili zipi?

Maelekezo ya kutumia yana kasoro ndogondogo. "Meza vidonge viwili vinavyotafunika" ni amri mbili zinazopingana. Vidonge hivi sharti vitafunwe kwanza, kwa kuwa vipande vidogo ndivyo vifanyavyo kazi mapema. "Usitumie pamoja na tetrasaiklini" haielezi kama ni wakati mmoja au siku moja. Iliyokusudiwa ni kwamba magnesiamu huizuia tetrasaiklini, na vilevile vidonge vya madini ya chuma, isiingie vizuri mwilini, basi zitenganishwe kwa saa mbili au zaidi. "Mara tatu kwa siku" ni sahihi, lakini tunashangaa kwa nini watu wameliacha "kutwa mara tatu", ambalo wagawa dawa wetu wamelisema miaka yote na mgonjwa hulijibu kwa kichwa kabla halijamalizika. Palipo na kidonge cha usiku, na iongezwe "na kimoja wakati wa kulala", kwa sababu kutwa ni mchana.

Asidi imeitwa tindikali katika karatasi mbili. Neno hilo ni zuri na lina umri, lakini baada ya watu kumwagiwa tindikali huko Zanzibar mwaka 2012 na 2013, magazeti yamelifanya kuwa silaha. Mwanafunzi mmoja wa ualimu alipoona "tindikali ya tumbo lako" alicheka kwa woga. Kwa karatasi za dawa tunapendelea asidi.

Limebaki suala la adabu. Mfasiri wa karatasi ya pili, alipofika mahali pa kusema kwamba mtumiaji atajamba zaidi, aliandika "utatoa hewa". Tunamwelewa. Lakini kutoa hewa ni kupumua pia. Mgonjwa aliyepasuliwa tumbo huulizwa na muuguzi kama ametoa hewa, kwa kuwa hiyo ni ishara kwamba matumbo yameanza kufanya kazi. Akidhani anaulizwa juu ya kifua chake, atajibu ndiyo, na jibu hilo litaandikwa. Adabu inayoleta jibu la uongo imevuka mpaka wake. Pendekezo letu ni "kutoa upepo kwa nyuma" katika mazungumzo, na "riahi" katika maandishi pamoja na maelezo mafupi mara ya kwanza linapotokea.

Jioni tuliandika upya karatasi ya tatu, aya tano tu, tukawasomea walimu saba. Walikubali kujaa, nafuu na kutwa mara tatu bila ubishi. Riahi lilijulikana kwa wawili, mmoja wao mzaliwa wa Tanga. Mbweu ndilo lililotushinda: watatu hawakulijua, wao husema "kucheua", na mwenzao mfugaji akawapinga akisema anayecheua ni ng'ombe, tena hurudisha majani, si hewa. Hatukupatana. Wasomaji wa Singida, Dodoma na Tabora wanaombwa watuandikie neno wanalolitumia nyumbani kwa hewa itokayo kinywani baada ya kula.