Mwanagenzi ni Nani? Tahakiki ya Istilahi za Mafunzo ya Ufundi

Neno mwanagenzi si geni katika Kiswahili. Kwa desturi humtaja mtu anayeanza kujifunza kazi au jambo asilolizoea. Tangu mafunzo ya vijana mahali pa kazi yatiliwe mkazo nchini Tanzania, neno hili limetwishwa mzigo mpya wa kuwa istilahi ya sera na mikataba. Hatua hiyo yafaa kupongezwa, maana imetuepusha na utohozi usio wa lazima. Hata hivyo, matumizi yake yana kasoro ambayo wafasiri na watumishi wa serikali hawana budi kuirekebisha.

Kasoro yenyewe ni kuchanganya uanagenzi, mafunzo tarajali na mafunzo kazini, kana kwamba ni visawe. Pendekezo Na. 208 la Shirika la Kazi Duniani, lililopitishwa mwaka 2023, linautambulisha uanagenzi kwa mkataba, kwa ujira au malipo mengine ya fedha, kwa mafunzo yaliyopangwa ya kazini na nje ya kazi, na kwa sifa inayotambuliwa mwishoni. Mafunzo tarajali, kwa upande wake, humhusu aliyehitimu au anayekaribia kuhitimu, naye hutafuta uzoefu. Mafunzo kazini ni ya mwajiriwa anayeongezewa ujuzi.

Tofauti hizi si za kamusi tu. Yuko kijana wa gereji ambaye kwa miaka mitatu hushika spana, hufagia na kutumwa chai. Hana mkataba wala mtihani unaomngoja. Tukimwita mwanagenzi katika hati rasmi, tunampa mwajiri jina zuri la kufichia kazi isiyolipwa. Kinyume chake, tukiandika tarajali palipokusudiwa uanagenzi, tunamwondolea kijana hoja ya kudai ujira wake.

Istilahi urasimishaji ujuzi nayo yataka kutazamwa. Fundi aliyejifunza mtaani hupimwa na VETA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, kisha hupewa cheti. Kiini cha kazi hiyo ni kupima na kutambua. Kurasimisha ni hatua ya mwisho tu, na neno hilo likisimama peke yake laashiria kwamba ujuzi haukuwa kitu kabla ya muhuri. Utambuzi wa ujuzi lingefaa zaidi.

Basi, kabla ya kuandika mwanagenzi, mfasiri na aulize: mkataba uko wapi, nani analipa, na kijana atatoka na cheti gani? Majibu yakikosekana, atafute neno jingine.