Tanini, Tope na Hewa: Jinsi Uzi Unavyotiwa Weusi

Rangi nyingi za mimea hukolea kwenye uzi pale tu zinaposhikizwa na madini, na weusi unaotengenezwa katika kisiwa cha Amami Oshima, kusini mwa Japani, hupata madini hayo kwenye tope. Watiaji rangi wa huko hukatakata mti uitwao sharinbai, huchemsha vipande vyake kwa saa nyingi hadi maji yawe ya hudhurungi, kisha huchovya humo uzi wa hariri tena na tena, wakipokezanisha na maji ya chokaa yanayopunguza uchachu. Kinachofyonzwa na uzi ni tanini, yaani kemikali za mmea zenye ukakasi, ambazo pia hutumika kuifanya ngozi mbichi isioze.

Madini yanayoishikiza tanini hiyo ni chuma cha topeni. Chini ya maji yaliyotuama oksijeni huisha, na vijidudu vya udongoni huigeuza kutu isiyoyeyuka kuwa chuma kinachoyeyuka. Uzi unapokandwa topeni, chuma hicho hushikana na tanini iliyokwisha kuingia ndani yake, na unapoinuliwa hewani mchanganyiko huo huwa mweusi. Tanini na chuma vikichanganywa mapema katika sufuria moja, weusi hugandia majini, hubaki juu ya uzi na kuchujuka.

Nchini Tanzania, Shinyanga ina malighafi zinazokaribiana na hizo. Mihale, mti wa jamii ya migunga, una maganda ya mbegu yenye tanini nyingi, nayo huokotwa bila kukata mti. Hilo si jambo dogo katika mkoa ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, ulihimiza kurudishwa kwa ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti vichipue. Tope lililotuama limo katika majaruba ya mpunga, na pamba hulimwa huko huko, ingawa pamba hunywa tanini polepole kuliko hariri, kwa hiyo huhitaji kuchovywa mara nyingi zaidi, kisha kusuuzwa vizuri kwa sababu chuma kikizidi huozesha nyuzi.

Lakini si kila tope linafaa. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita, tope la marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuoshwa, halifai hata likiwa na chuma kingi, kwa kuwa wachimbaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki, ambayo ni sumu, na mtiaji rangi hukanda uzi kwa mikono mitupu. Jaruba la kazi hii, basi, halichaguliwi kwa weusi wa tope lake pekee, bali kwanza kwa kujua maji yanayoliingia yamepita wapi.